Mwalimu wa Maneno Nusu

Prof alikuwa mtu wa kuvaa tai ili azungumze na simu. Wala si simu ya picha, maana picha zinakula mega, na mwanafunzi wa Kisangani hana mega za kutupa. Ilikuwa sauti tu. Hata hivyo alioga, akanyoa ndevu, akavaa koti lake la kahawia, akakaza tai, akasimama mbele ya ubao aliokuwa ameutundika sebuleni kwake, mtaa wa Mangobo, akashika chaki, ndipo akabonyeza alama ya kurekodi. Mke wake alipomwuliza ni nani atakayeiona hiyo tai, alimjibu, "Mama, sauti ya mutu mwenye kuvaa tai inajulikana." Sisi wanafunzi wake tuliisikiliza tai hiyo mwaka mzima.

Nayaandika haya kwa sababu siku hizi hafundishi tena mjini kwetu, na watu wameanza kumsahau. Hakustahili kusahauliwa. Alistahili kuchekwa kwa muda mrefu zaidi.

Nilimjua kabla hajawa mwalimu wangu, kwa kuwa tulipakana ua. Sisi watoto wa mtaa tulimwita Papa Prof. Nilipoingia chuo, idara ya ubunifu, jina likapungua akabaki Prof. Somo lake lilikuwa kufikiri kwa mfumo, approche systémique kwa jina la ratiba: kabla hujachora kiti, mlango au kibanda cha soko, tazama kwanza kila kinachokigusa, na kila kinachogusa hicho kinachokigusa. Imla yake ilikuwa ya Kifaransa na maelezo ya Kiswahili. Hapa naandika yote kwa Kiswahili, tusije tukachoka wote; ila jueni kwamba kwetu batu ni watu, fasi ni mahali, na njo ni ndipo.

Ndani ya ukumbi, na darasa limemjaa mbele, alikuwa hatari. Siku moja alitupa kazi ya kuchora kiti kipya cha abiria wa toleka, zile baiskeli za kubeba watu. Mwenzetu mmoja alileta kiti kizuri ajabu, kina mto na pa kushikia. Prof alikizunguka kwa macho kama anayenunua mbuzi.

"Abiria yako iko na kuku?"

"Hapana, Prof."

"Basi huyu haiko mutu ya Kisangani. Ongeza kuku."

Kuku akaongezwa. "Bon. Kuku inapiga mabawa, bawa inaingia mu chaîne, munyororo inakatika. Nani anatengeneza? Anakaa wapi? Mvua ikianguka, anakimbilia kwa nani?" Saa ya somo ilipokwisha, kiti cha baiskeli kilikuwa kimevuta ubaoni fundi, soko, mfereji wa maji machafu na meya. Tulitoka vichwa vimepata moto, na kwa siku kadhaa sikuweza kupita karibu na baiskeli bila kumhurumia yule kuku. Msemo wake tuliupenda wote: "Mbele ya kuchora kiti, chora kwanza uchovu." Mwingine ulikuwa, "Kitu haina mupaka." Huo aliuandika kwa rangi nyeupe juu ya mlango wa ofisi yake, mlango ambao ulikuwa na kufuli mbili.

Nyumbani kwake, mpaka ulikuwepo. Alijenga mfereji wa bati kando ya paa, akauelekeza vizuri nje ya ua wake, na vizuri vilevile ndani ya jiko la mama jirani. Mvua ya kwanza tu ilizima moto wake na kuifurikisha sufuria ya pondu, yaani kisamvu. Mama alikuja na sufuria ile mkononi, ikiwa imejaa maji mpaka ukingoni.

"Prof, ona. Maji yako iko naingia mu jiko yangu."

"Mama, maji haina mwenyewe. Inatoka mbinguni."

"Inatoka mbinguni, inapita kwako, njo inaingia kwangu."

"Vile njo unaanza kuelewa mufumo," alisema Prof, akafurahi kweli, akamweleza kwa kidole jinsi maji yanavyozunguka kutoka mto Congo hadi mawinguni na kurudi. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwaga ile sufuria kwenye ngazi ya mlango wa Prof, akaenda zake. Mfereji haukuguswa. Nyani haoni kundule, na huyu wa kwetu alikuwa ameandika kitabu cha somo juu ya makundu.

Lakini mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mwanafunzi mwenzetu alipoanguka kwa malaria katikati ya somo, Prof ndiye aliyembeba hadi barabarani, akampakia kwenye toleka, akaifuata mbio ile baiskeli kwa miguu na tai yake ikipepea begani. Alishinda hospitali kwenye benchi mpaka ndugu wa mgonjwa walipofika kutoka Opala. Ni kweli kwamba katika kungoja huko aliwachorea wauguzi njia bora ya kupanga wagonjwa, wakamwomba akae nje. Lakini alikaa. Wengine waliokuwa wakitufundisha hawakujua hata jina la yule kijana.

Sasa nieleze desturi moja, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Kwetu mwalimu hamalizi sentensi. Anaianza, anainyanyua mwishoni, anatega sikio, na darasa zima linaimalizia kwa sauti moja. Tumelelewa hivyo tangu shule ya msingi. Prof alikuwa bingwa wa mchezo huo. "Mufumo iko jumla ya vitu, virgule, yenye kila moja iko na...?" Nao wa mwaka uliotutangulia, wamebanana kwenye benchi mpaka madirishani, waliitika, "Uhusiano na ingine!" "Muzuri sana!" alisema, na uso wake uling'aa. Nadhani aliishi kwa ajili ya ule mwitiko.

Na mtihani ulikuwa kurudisha. Alichokupa ndicho ulichopaswa kumrudishia, neno kwa neno, kila virgule na kila point, yaani koma na nukta, mahali pake. "Nilikupatia yangu, unirudishie yangu," alikuwa akisema. Mtu aliyetufundisha kwamba kitu hakina mpaka alikuwa ameyazungushia maneno yake ua wa matofali, na sikuwahi kumwona akihangaishwa na jambo hilo hata dakika moja.

Vyuo vilipofungwa kwa ajili ya ule ugonjwa wa barakoa, ikasemwa masomo yahamie kwenye simu. Prof alipinga kwa nguvu. "Kufundisha bila kuona macho ya batu iko sawa kuhubiri mu makaburi," alisema. Kisha wakampeleka kwenye mafunzo katika hoteli moja ya mjini yenye viyoyozi, akarudi na cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu na dini mpya. Sasa mwalimu iko fasi yote. Sasa ukumbi ni kitu ya zamani. Hata vyuo vilipofunguliwa, yeye alibaki ndani ya simu. Paa la ukumbi lilikuwa linavuja, akasema mtandao hauvuji. "Ku Ulaya batu banasomaka vile," alituambia. Ulaya yenyewe hakuwahi kufika.

Basi tukaanza kupokea masomo ya sauti kwenye kikundi cha simu. Kwanza aliita majina, na asiyejibu papo hapo aliandikwa hayupo. Kisha chaki ikaanza kukwaruza. "Kama munavyoona hapa," alisema ile sauti ya tai, "mushale unatoka hapa, unaenda hapa, unazunguka vile, unarudi hapa. Iko wazi?" Tuliandika kwa uaminifu: unatoka hapa, unaenda hapa. Mwenzangu mmoja aliuchora ule mshale alivyousikia, akanionyesha mbuzi aliyejizungushia kamba kwenye kigingi.

Baya zaidi ni kwamba hakuacha desturi yake. "Mufumo iko jumla ya vitu, virgule, yenye kila moja iko na...?" Kimya. Unamsikia jogoo. Unamsikia mama jirani akitwanga pondu. Kisha ile sauti, imeridhika kabisa, "Muzuri sana!" na anaendelea na jambo lingine. Kozi nzima ilikuwa hivyo. Kila fasili ilikatika mahali ilipoanza kuwa na faida, na aliyeimaliza ni jogoo. Tulicheka mpaka machozi. Mara moja tu, niliposikiliza peke yangu, nilimhurumia. Kile kimya kilikuwa kirefu mno, na yeye alikuwa sebuleni mwake anatusikia.

Sisi wa mjini hatukudhurika. Waliotutangulia walikuwa wameyaitikia maneno hayo ukumbini, tukawauliza. Aliyedhurika ni Mado.

Mado ni binti wa mama yangu mdogo, na tulikuwa darasa moja. Wakati masomo yalipohamia kwenye simu alirudi kwa wazazi Bafwasende, akabaki huko kwa kuwa chumba chake cha mjini kilikwisha kupewa mtu. Baba yake, ninayemwita Tonton, ni mfanyabiashara wa chumvi na sabuni. Maisha yake yamepita juu ya malori ya barabara ya kwenda huko. Hakuwa baba mbaya. Alimwambia Mado mbele yetu sote, "Mama, mwaka huu umalize. Mwaka kesho iko tour, zamu ya mudogo wako, siwezi kubeba babili." Kwa hiyo Mado alikuwa na mwaka mmoja, na kila somo alipaswa kulishinda, somo la Prof likiwemo. Bila alama ya somo hilo asingeruhusiwa kutetea kazi yake ya mwisho, na bila utetezi hakuna diploma.

Huko Bafwasende mnara wa simu ulilala zaidi kuliko ulivyoamka. Basi nilipakua sauti za Prof, nikaziweka kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu, nikaifunga kwenye kipande cha nailoni, nikampa dereva wa lori anayekwenda mashariki. Somo la mtandaoni lilisafiri juu ya magunia ya chumvi. Mvua ikinyesha, lori lilikwama matopeni na mshale wa Prof ukakwama nalo, unatoka hapa, hauendi popote. Nilipomsimulia Prof jambo hilo alipiga makofi kwa furaha. "Unaona? Mufumo inajitafutia njia!" Kisha akamwandika Mado hayupo, maana hakuwa ameitika jina lake.

Siku ya mtihani Mado alifika kwa pikipiki, matope mpaka kwenye nyusi. Swali lilikuwa moja kubwa: mfumo ni nini? Kila mtu alirudisha uhusiano na ingine. Mado, ambaye kwenye kadi yake sentensi iliishia kwa jogoo, alidhani Prof ametuachia pengo tulijaze wenyewe, akaona kwa mara ya kwanza mwalimu yule amefanya jambo la maana. Akalijaza. Aliandika: "Mfumo ni jumla ya vitu ambavyo kila kimoja kinangoja kingine. Lori linangoja barabara ikauke, mnara unangoja mafuta yaliyo ndani ya lori, mimi nangoja mnara, na mwalimu anayeningoja anadhani nimelala. Kimoja kikikwama, vyote vimekwama."

Prof alimpa sifuri.

Tulikwenda kwake sebuleni, mimi na Mado. Tulimkuta anarekodi, tukangoja kando ya ubao mpaka jogoo amalize kujibu. Kulalamika kwa wakubwa hakukuwa na maana, kwa sababu aliyepokea malalamiko ya idara alikuwa ni yeye. Nilimwomba ruhusa, nikatoa simu, nikamchezea sauti yake mwenyewe. "Yenye kila moja iko na...?" Kile kimya kikaingia sebuleni. Prof alitega sikio, akatutazama kwa zamu, nyusi juu, akitungoja. Ilichukua muda kabla hajaelewa kwamba anayengojwa ni yeye.

"Tiens," alisema. "Hapa sikumaliza."

"Ndiyo, Prof."

"Lakini batu bote banajuaka mwisho."

"Miye sikukuwa na batu, Prof," alisema Mado. "Nilikuwa na carte mémoire."

Prof aliweka chaki chini. Akaitafuta karatasi ya Mado, akaisoma tena, safari hii polepole, midomo ikisogea. Niliona jambo likimgusa. Nilikuwa nimemjua tangu utotoni na niliujua uso ule. Ndio uso aliokuwa nao siku ya kuku. Nikasema moyoni, tumeshinda.

"Iko muzuri," alisema. "Iko muzuri sana. Lakini haiko yangu." Akaikunja karatasi, akaitia kwenye mfuko wa koti. "Utarudi deuxième session, kwa marudio. Donc, fuata kozi."

Nilitaka kumrukia. Mado alinikanyaga mguu, akamshukuru Prof, akanitoa nje kwa kunishika mkono. Barabarani nilimwambia twende kwa mkuu wa chuo, twende redio, twende popote. "Yaya, nyamaza," alisema, maana kwetu yaya ni ndugu mkubwa. "Miye nataka diplôme. Haki utanitafutia siku ingine."

Haukupita muda, kabla ya mtihani wa marudio, kozi mpya ilitumwa kwenye kikundi, na Prof alitangaza kwamba ameiboresha. Mado alikuwa bado kwetu mjini. Tuliisikiliza pamoja jikoni, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Chaki, kikohozi, kisha tai ikanena: "Mufumo iko jumla ya vitu, virgule, yenye kila moja inangoja ingine, point. Lori inangoja barabara, virgule, mnara inangoja mafuta, virgule, mwanafunzi anangoja mnara, virgule, mwalimu anangoja mwanafunzi, point. Moja ikikwama, virgule, yote imekwama." Hakuacha nafasi hata moja ya kuitikia. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, Prof alikuwa amemaliza sentensi. Na yule mwalimu anayedhani mwanafunzi wake amelala alikuwa ameondolewa kimyakimya.

Sikujua kama nicheke au nivunje simu. Mado aliirudisha nyuma, akasikiliza tena, akachukua kalamu. "Fasi ya virgule iko wapi?" aliniuliza. Alijifunza maneno yake mwenyewe kwa moyo, na makosa yaliyotiwa ndani yake, maana ungemrudishia Prof yale ya asili ungekuwa hujafuata kozi. Alipata kumi na saba juu ya ishirini. Kando ya alama, kwa wino mwekundu, Prof aliandika: Maendeleo makubwa.

Alitetea kazi yake, akashinda. Siku ya kuvishwa joho Tonton alishuka kutoka Bafwasende na dumu la asali ya msituni, amelipakata njia nzima lisije likapasuka. Alikuwa amesikia kwamba kuna mwalimu mmoja aliyemwokoa binti yake katika mtihani wa marudio, akataka kumshukuru kwa mkono wake. Mado hakuwa amemsimulia zaidi ya hapo. Tulikaa chini ya maturubai, wageni wakinywa soda, na Prof akatujia mwenyewe, joho juu ya koti, tai mahali pake.

"Papa, pongezi," alimwambia Tonton, akampa mikono yote miwili. "Mutoto yako, mara ya kwanza, hakuelewa kitu. Sitakuficha. Nilikataa kumupitisha. Mara ya pili alifuata kozi, njo akaelewa."

"Merci mingi, Prof," alisema Tonton. Aliliinua dumu kutoka chini ya kiti, akaliweka mapajani. "Na ile kozi, kama siye batu ya bule tunaweza kusikia, inasemaka nini?"

Hakuna swali ambalo Prof aliwahi kulipenda zaidi. Alirudi hatua moja nyuma apate nafasi ya mikono. Akaieleza yote bila kukatika, lori na barabara, mnara na mafuta, moja ikikwama yote imekwama. Watu wa meza ya jirani waligeuka kusikiliza. Mado aliangalia viatu vyake. Tonton alisikiliza akitikisa kichwa, kwanza kwa heshima, halafu kwa namna nyingine, kama mtu anayesikia jina la kijiji chake likitajwa ugenini.

"Prof," alisema, "weye ulishafikaka Bafwasende?"

"Mimi? Hata siku moja, Papa." Prof alicheka kwa upole, akamgusa begani. "Ile yote iko théorie."

Tonton akamtazama Mado. Mado akainua macho, akamtazama baba yake. Prof alikuwa amekwisha kuanza kutuchorea mshale hewani. Tonton alilishusha lile dumu taratibu, akalisukuma kwa kisigino mpaka nyuma kabisa chini ya kiti, akavua koti lake akalifunika.